Kutoka Kipande cha Shingoni Hadi Simu ya Mfukoni

Ni maswali machache ambayo mwanadamu ameulizwa mara nyingi kama hili: "U wapi?" Mama humwuliza mtoto aliyechelewa kurudi kutoka mtoni, mke humwuliza mume aliye safarini, mkuu wa kituo humwuliza askari wake, bwana humwuliza mtumwa. Maneno ni yale yale, lakini uzito wake hautoshani. Likitoka kinywani mwa mama, swali hili ni pendo. Likitoka kinywani mwa bwana, ni kamba. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi swali hilo lilivyoulizwa katika nchi yetu ya Kenya kwa muda wa miaka zaidi ya 100, na jinsi historia hiyo iwezavyo kutusaidia kuamua jambo ambalo siku hizi limeingia katika nyumba nyingi zenye simu. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa watu wa jamaa moja waonane mahali walipo, saa zote, katika kioo cha simu?

Tuanzie hapa nyumbani. Pioneer ni mtaa wa makazi wa Eldoret, mji mkuu wa Kaunti ya Uasin Gishu, ambao ulipandishwa cheo ukawa jiji tarehe 15 Agosti 2024. Asubuhi wazazi huenda kazini na watoto huenda shuleni. Wengine hupanda matatu, wengine bodaboda, na wengine hutembea kwa miguu. Jioni ikiingia, na mvua ya nyanda za juu ikaanza kumwagika, mzazi ambaye mtoto wake hajafika hushikwa na wasiwasi, na wasiwasi huo ni haki yake. Zamani alisimama mlangoni akatazama njia. Leo aweza kufungua simu akaona alama ndogo ikisogea juu ya ramani, akajua kwamba matatu imekwama katika msongamano wa magari, akarudi jikoni moyo wake umetulia. Hapana mtu wa haki atakayesema kwamba neema hiyo ni ndogo. Lakini alama hiyo yaonwa na nani mwingine? Mtoto mwenyewe ajua kwamba anaonwa? Na ataacha kuonwa lini? Simu ni kitu kipya, ila maswali haya si mapya.

Watu wa kale hawakuwa na ramani za kioo, lakini walikuwa na adabu ya kujuana. Mtu akisafiri aliaga, akasema aendako na siku atakayorejea. Aliyekutana naye njiani alichukua salamu zake na kuzifikisha. Na mtu alipofika kwa mwenziwe hakujitoma ndani. Alisimama nje akapiga hodi. Katika mwambao wetu desturi ni kupiga hodi mara tatu, na mgeni asipojibiwa huondoka bila kinyongo. Litazame vizuri neno hili dogo, maana ndani yake mna mambo matatu. Kwanza, ajaye hujijulisha, hata mwenye nyumba ajue kwamba yupo mtu mlangoni. Pili, mwenye nyumba ana uwezo wa kukaribisha au kukataa. Tatu, ziara ina mwisho. Mgeni huaga akaenda zake. Palipo na mambo haya matatu, kujulikana hakumlemei mtu. Yakikosekana, hata upendo waweza kugeuka kifungo. Yaweke moyoni, kwa kuwa tutayatumia kama mizani katika safari yetu yote.

Mwaka 1908 kundi la Makaburu zaidi ya 200, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilitoka Afrika ya Kusini kwa meli hata Mombasa, likapanda gari la moshi hata Nakuru, na kutoka huko likakwea uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Serikali ya kikoloni iliigawanya ardhi ya uwanda huo katika mashamba yenye nambari. Posta ilifunguliwa katika shamba la nambari 64 mwaka 1910, na kwa sababu hiyo wenyeji waliuita mji Sisibo, yaani Sixty-Four kwa matamshi yao, hata baada ya serikali kuupa jina la Eldoret mwaka 1912. Neno Pioneer maana yake ni mtangulizi, mtu afikaye kwanza. Lakini malisho ya uwanda huu yalikwisha kukanyagwa na ng'ombe wa Wamaasai na wa Wanandi siku nyingi kabla ya magurudumu hayo kufika. Ardhi ilitiwa nambari kwanza. Haukupita muda mrefu kabla ya watu nao kutiwa nambari.

Mashamba makubwa yalihitaji mikono mingi, na ujira ulikuwa mdogo. Wafanya kazi walioona taabu iliyozidi waliondoka usiku, wakatafuta kazi kwingine au wakarudi kwao. Walowezi wakaitaka serikali iwape njia ya kuwajua watu hao na kuwarudisha. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha, ikaanza kutumika vita vilipokwisha, katika miaka ya 1919 na 1920. Kwa sheria hiyo kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kuandikishwa, kupigwa chapa za vidole na kupewa hati. Katika hati hiyo ziliandikwa habari za mwenyewe na kabila lake. Na kila alipoajiriwa, mwajiri alitia siku ya kuanza kazi, kiasi cha mshahara na siku ya kuacha. Hati ilikunjwa ikatiwa katika kikebe cha madini, kikebe kikatiwa kamba, na kamba ikavaliwa shingoni. Ndicho kilichoitwa kipande, na hata leo wako wazee wanaokiita kitambulisho cha taifa kwa jina hilo.

Nguvu ya kipande ilikuwa katika sahihi ya mwajiri. Mtu ambaye hakutiwa sahihi ya kuachishwa kazi hakuweza kuajiriwa kwingine kwa njia ya halali. Akiondoka bila sahihi, mwajiri alipeleka habari, madaftari ya uandikishaji yakafunguliwa huko Nairobi, na mtu akatafutwa mpaka akapatikana. Polisi waliweza kumsimamisha Mwafrika njiani na kumtaka aonyeshe kipande. Asiyekuwa nacho alitozwa faini au alitiwa kifungoni. Kufikia mwaka 1931 vipande vilivyokwisha kutolewa vilikuwa vimepita milioni 1. Hebu fikiri, msomaji. Hapakuwa na mashine hata moja ya kufikiri, wala waya wa simu katika kila kijiji, wala chombo chochote angani. Palikuwa na karatasi, wino, chapa ya kidole na kikebe. Hata hivyo mtu aliweza kufuatwa kutoka Sisibo hata Kavirondo. Hili latufundisha kwamba kumfuatilia mtu hakuanzi na chombo. Huanza na nia ya mtu anayetaka kumshika mwenziwe.

Sasa kiweke kipande katika mizani ya hodi. Je, mvaaji alijulishwa? Alijua kwamba amevaa, lakini wengi hawakuweza kusoma maneno yaliyoandikwa humo na mtu mwingine juu yao. Je, aliridhia? La, alilazimishwa. Je, kulikuwa na mwisho? La, maana alilala nacho akaamka nacho. Ndiyo maana watu walikichukia kuliko walivyochukia mambo mengi yaliyowaumiza zaidi mwilini.

Chuki hiyo haikubaki moyoni. Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi, aliongoza chama kilichopinga kipande, kuongezwa kwa kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alimofungwa, ukitaka aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, mwanamke mmoja aitwaye Mary Muthoni Nyanjiru aliwasuta kwa woga wao, akasonga mbele. Bunduki zikalia. Serikali ilikiri kwamba watu 21 walikufa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Walioshuhudia walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Thuku alipelekwa uhamishoni, na hakurejea hata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni mwa watu. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, alikuwa mmoja wa waliokipinga humo barazani.

Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya iliyotaka watu wa kila rangi waandikishwe, Wazungu wakiwamo, nao wapigwe chapa za vidole. Hapo ndipo kelele zilipotoka upande ambao haukuwa umeizoea dhiki hiyo. Walowezi walisema kwamba kutwaliwa chapa za vidole ni kutendewa kama wahalifu. Serikali ikaunda tume chini ya Sir Bertrand Glancy, na mwishowe ikakubaliwa kwamba ajuaye kuandika aweza kutoa picha na sahihi yake badala ya chapa za vidole vyake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Watu wale wale walioona kwa miaka zaidi ya 25 kwamba jambo hili lawafaa wengine, hawakuweza kulivumilia kwao wenyewe hata mwaka mmoja. Kwa hiyo tuongeze jiwe la nne katika mizani yetu, nalo ni usawa: amfuatiliaye mwenziwe ajiulize kama angekubali kufuatiliwa vivyo hivyo.

Wala mambo hayakuishia hapo. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilibuni hati nyingine za ruhusa kwa ajili ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na bila hati hizo mtu hakuweza kwenda kutoka mahali hata mahali katika nchi yake mwenyewe. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawapekua watu kwa maelfu na kuwachukua wengi kizuizini. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wazee wengi walikuwa wamekwisha kuishi maisha yao yote ya utu uzima wakijibu swali moja kwa askari: watoka wapi, waenda wapi?

Basi tuyaache hayo kwa muda, tuinue macho tutazame juu, kwa sababu katika miaka ile ile ambayo hati hizo zilikuwa zikikaguliwa barabarani, njia nyingine kabisa ya kujua mahali pa mtu ilikuwa ikizaliwa. Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha Sputnik, mwezi wa kwanza uliotengenezwa na mwanadamu. Huko Marekani wataalamu wawili, William Guier na George Weiffenbach, walisikiliza mlio wa chombo hicho, wakagundua kwamba kwa kupima jinsi mlio ulivyobadilika kilipokaribia na kilipotokomea, waliweza kujua njia yake angani. Mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali: ikiwa mtu aliye ardhini aweza kujua chombo kilipo, je, ajuaye njia ya chombo hataweza kujua mahali alipo yeye mwenyewe ardhini? Kutokana na swali hilo Wamarekani walitengeneza setilaiti za kuongoza manowari zao. Mwaka 1978 wakaanza kurusha setilaiti za mpango mpya uitwao GPS. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ilipotea njia, ikaingia katika anga ya Urusi ikatunguliwa, na watu 269 wakafa. Baada ya msiba huo Rais Reagan alitangaza kwamba mpango huo utakapokamilika utatumiwa na watu wote bila malipo. Mwezi Mei 2000 jeshi la Marekani likaacha kuyaharibu makusudi mawimbi yaliyokuwa yakipokewa na raia, na tangu siku hiyo mtu wa kawaida aliweza kujua mahali alipo kwa kukosea mita chache tu.

Yafaa ujue jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba setilaiti hutuona. Haituoni. Setilaiti hizo, zipatazo 30, huzunguka dunia katika urefu wa kilometa 20,200 hivi, na kazi yake ni kutangaza saa pamoja na mahali zilipo. Simu yako husikiliza tu. Tangazo husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, hata hivyo huchelewa kidogo sana, kama sehemu 7 za mia za sekunde. Kwa kupima ucheleweshaji wa matangazo ya setilaiti 4 au zaidi, simu hukokotoa mahali ilipo. Mpaka hapo siri iko mfukoni mwako, na hapana mwingine aijuaye. Siri huondoka pale ambapo programu iliyomo katika simu huichukua ikaipeleka kwa njia ya intaneti hata kwenye mashine za kampuni fulani, na kampuni ikampelekea mtu uliyemruhusu, au usiyemjua. Basi ukitaka kujua nani akuona, usitazame mbinguni. Zitazame programu zako.

Programu za namna hiyo zimekuwa nyingi. Tangu mwaka 2017 WhatsApp humwezesha mtu kumwonyesha mwenziwe mahali alipo kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha hukoma yenyewe. Google Maps nayo humpa mtu nafasi ya kuchagua muda, au kuacha wazi mpaka atakapofunga mwenyewe. Ziko na programu kama Life360, zilizotengenezwa mahsusi kwa jamaa, ambazo huwaweka wazazi na watoto katika duara moja, zikaonyesha nani yuko wapi mchana na usiku. Angalia tofauti iliyopo. Ya kwanza ina kuaga ndani yake. Ya mwisho haiagi mpaka ifukuzwe.

Faida yake haikanushiki, na sisi wa Eldoret twaijua kwa machungu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, vita vya ndugu kwa ndugu vilizuka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji huu, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Nchini kote watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, na malaki wakahama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukageuka kambi ya mahema. Jamaa zilitengana usiku mmoja. Katika siku zile ujumbe mfupi wenye maneno mawili, "U wapi?", ulikuwa wa thamani kuliko dhahabu. Vijana wa Kenya waliunda mpango uitwao Ushahidi, ambao watu waliutumia kupeleka habari za mahali palipotokea ghasia, nazo zikatiwa katika ramani ili ulimwengu uone. Hapa kujulikana kwa mahali kulisaidia kuokoa.

Lakini katika siku zile zile, vizuizi viliwekwa barabarani, vitambulisho vikadaiwa, na jina la mtu peke yake likatosha kumponza. Aliyejificha aliomba Mungu asijulikane alipo. Kwa hiyo habari ya mahali pa mtu ni kama moto: humpikia mwenye nyumba, na humchomea nyumba. Linaloamua ni mkono ulioushika.

Na mikono ya siku hizi ni mingi. Mwezi Desemba 2021 waandishi wa gazeti la Marekani liitwalo The Markup walifichua kwamba Life360 ilikuwa ikiwauzia wafanya biashara habari za mahali walipo watu wa jamaa zilizoitumia. Wazazi walidhani wanawalinda watoto. Kumbe nyayo za watoto zilikuwa bidhaa sokoni. Mwezi uliofuata kampuni ilisema kwamba itaacha kuuza habari za mahali hasa alipo mtu. Kabla ya hapo, Novemba 2017, programu ya wakimbiaji iitwayo Strava ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia zote walizokimbia watu wake. Mwanzoni mwa mwaka 2018 ikagunduliwa kwamba ramani hiyo ilidhihirisha kambi za kijeshi katika nchi za vita, kwa sababu askari walikuwa wakifanya mazoezi wakiwa na saa za kupimia mwendo. Ikiwa majeshi makubwa yalijifichua kwa saa ya mkononi, sembuse mwanafunzi ambaye kila alfajiri hukimbia peke yake njia ile ile, saa ile ile, kisha akaitangaza kwa watu asiowajua? Katika mkoa huu wa wakimbiaji, neno hilo si mfano wa mbali.

Hatari nyingine haziko mbali hata kidogo. Simu ya mmoja wa jamaa ikiibiwa bila kufungwa kwa nambari ya siri, mwizi haibi simu tu. Aona kwamba baba yuko Kitale, mama yuko kazini, na nyumba haina mtu. Msichana akimwonyesha rafiki mahali alipo, kisha urafiki ukavunjika naye akasahau kuufunga mlango huo, atafuatwa na macho asiyoyataka. Mume awezaye kumwona mke kila hatua, au mke mume, aweza kugeuza ndoa kuwa lindo. Na wako wazazi wanaotia programu katika simu ya mtoto kwa siri. Mtoto akigundua, na aghalabu hugundua, hatajifunza kuwa mwema. Atajifunza kuiacha simu maktabani au kwa rafiki, kisha aende atakako. Ndipo mzazi atakapoketi ametulia akitazama alama iliyosimama mahali pema, huku mtoto yuko kwingine. Alama huonyesha simu ilipo. Haionyeshi mtoto alipo, wala haisemi kama analia au anacheka. Bando likiisha au betri ikizima, alama hupotea, na nyumba nzima hutaharuki bure. Mlinzi wa namna hiyo ni msaidizi, wala hafai kuwekwa mahali pa maneno ya mtu na mwanawe.

Je, sheria ya nchi yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutodaiwa habari za jamaa yake au mambo yake ya siri bila sababu. Mwaka 2019 ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwaka 2020 akaapishwa kamishna wa kwanza wa kuisimamia, Immaculate Kassait. Sheria hiyo yasema kwamba habari za mtoto zisishughulikiwe bila ridhaa ya mzazi au mlezi, tena kwa njia inayolinda na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Na tarehe 30 Januari 2020, katika kesi ya uandikishaji wa Huduma Namba, Mahakama Kuu iliamua kwamba kukusanya vipimo vya mahali hasa zilipo nyumba za watu, pamoja na chembe zao za urithi, ni kuingilia faragha yao kinyume cha Katiba. Ilichukua miaka karibu 100 tangu siku ya Thuku na Nyanjiru kwa mahakama ya Kenya kutamka kwamba si kila jambo ambalo serikali yaweza kulijua juu ya mtu ina haki ya kulijua.

Walakini sheria ina mpaka wake. Sheria ya mwaka 2019 yazielekea serikali, kampuni na taasisi. Mambo ambayo mtu hufanya nyumbani mwake, kwa shughuli za jamaa tu, imeyaacha nje. Hapana kamishna atakayekuja Pioneer kuamua kama baba alifanya vema kutazama simu ya mwanawe saa nane za usiku. Mahali ambapo sheria inasimama mlangoni, adabu ndiyo inayoingia ndani. Kwa hiyo hapana budi tuirudie mizani yetu.

Wewe kijana, usimwite mzazi wako mkoloni kwa sababu amekuuliza u wapi. Mlowezi alitaka kujua mahali pa mtu ili asipungukiwe na mikono shambani. Mzazi ataka kujua ili asipungukiwe na wewe. Aliye mdogo hana budi kuongozwa, na anayeishi chini ya dari ya watu ana deni la kusema aendako. Ukitaka usifuatwe na alama, aga kama walivyoaga wazee: sema waenda wapi, pamoja na nani, na utarudi lini, kisha rudi saa uliyosema. Neno la kweli likizoeleka nyumbani, ramani hupungukiwa na kazi.

Nanyi mlio wazazi, ikiwa insha hii itawafikia kwa mikono ya watoto wenu, pigeni hodi. Mwambieni mtoto kwamba mtamwona, na sababu yake. Mwulizeni, msikilize jibu lake, hasa akikaribia miaka 18, umri ambao atahesabiwa kuwa mtu mzima. Wekeni mwisho: safari ya usiku, ziara ya mbali, siku za kwanza katika mji mgeni, kisha mlango ufungwe. Na mkubali kuonwa nanyi pia, maana aliyekataa mkuki huu kwake asimchome nao mwenziwe. Katika kila likizo, keti pamoja mfungue simu zote, mtazame ni nani walio katika duara, ni programu gani zenye ruhusa ya kujua mahali penu, na ipi haina kazi tena. Ile isiyo na kazi iondoeni. Kazi hiyo haichukui muda wa kuchemka chai.

Wazee wetu waliokivua kipande shingoni hawakukivua ili watoto wao wasijulikane na mtu yeyote duniani. Walitaka kujulikana kama watu wanavyojulikana na majirani na jamaa zao: kwa ridhaa, kwa heshima, na kwa kiasi. Siku hizi kikebe hakining'inii tena. Kimekuwa chepesi, chang'aa, na tunakinunua kwa fedha zetu wenyewe. Kwa hiyo kila programu itakapokuuliza kama waruhusu ijue mahali ulipo, usibonyeze kwa haraka. Simama kwanza mlangoni mwako, uulize kama waulizavyo waungwana wasikiapo hodi: Ni nani? Wataka nini? Na utaondoka lini?